Barua Ilifika Jumatano

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, mambo yalifika hapa. Esteri Havyarimana, binti wa mkimbizi wa Kirundi aliyepewa uraia akiwa mzee, alifiwa na mume akiwa na miaka ishirini na tisa. Wakwe zake wakamtoa katika nyumba aliyoikandika kwa mikono yake mwenyewe. Shirika moja dogo la mjini Kasulu, Inzu Yacu, yaani nyumba yetu, likampangishia chumba kwa ruzuku ya wafadhili, na baadaye likampa kazi. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta wajane wenye nyumba zinazotaka kuanguka na kuwashawishi wakubali kujengewa.

Tulimwacha ofisini siku ya Jumatano. Mkurugenzi wake, Mwalimu Stanislaus, alikuwa amemsomea barua kutoka ng'ambo: ruzuku imesitishwa, kuanzia siku hiyohiyo. Walikuwa wawili tu. Mwalimu akamwomba asimwambie mtu mpaka Jumatatu.

Aliyoyafanya Esteri kesho yake ndiyo haya. Ameyasimulia mwenyewe na ameomba yasipunguzwe.

Alhamisi saa mbili asubuhi alishuka kwenye bodaboda Nyakitonto. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na kila alipoyapanga yaligota palepale: nipe mpaka Jumatatu, Esteri, nipige simu.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya mama mmoja mjane, Jeanne, kubomolewa nyumba. Jeanne aliishi na mjukuu wake wa miaka tisa, Uwimana, aliyeachwa na marehemu binti yake. Nyumba yao ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi, ukuta wa nyuma umeegemezwa magogo mawili. Mvua moja ya nguvu ingeilaza chini. Hilo lilikuwa kweli, na baadaye Esteri alijirudia mara nyingi kwamba lilikuwa kweli.

Utaratibu wa mradi ulikuwa mmoja kwa wote. Nyumba mpya ya tofali za kuchoma na mabati isimame palepale pa zamani, kwa kuwa viwanja ni vyembamba. Kwa hiyo kwanza kubomoa, halafu msingi.

Jeanne alikuwa amekataa miezi mitatu. Alizaliwa Burundi, akaja mbio akiwa msichana, akakaa kambi ya Mtabila, akaolewa na Nkunzimana, mwenyeji wa Nyakitonto. Kambi ilipofungwa wenzake wakapandishwa magari kurudishwa. Yeye akabaki kwa kuwa alikuwa na mume na alikuwa na nyumba. Mume akafa. Ikabaki nyumba.

Esteri alikwenda kwake mara saba. Mara zote alipewa uji, wakaongea Kiha, wakacheka, na jibu likawa lilelile. Siku ya saba Esteri hakuzungumza habari za mabati. Alimweleza jinsi wakwe zake walivyomtolea vyombo nje mbele ya watu, na jinsi alivyojisikia siku ya kwanza aliyofunga mlango wa chumba alichopangishiwa na shirika, akajua hakuna atakayeusukuma.

Jeanne akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kama shirika lilimtendea Esteri hivyo, basi na yeye atakubali.

Sasa fundi Fidele alikuwa amefika na vibarua watatu. Ngazi ilikuwa imeegemezwa. Vyombo vya Jeanne vilikuwa nje: kitanda, masufuria, debe la mahindi, picha ya harusi kwenye fremu. Uwimana alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa.

“Dada Esteri,” Fidele akauliza, “tuanze?”

Neno moja lilitosha. Ngojeni. Wala halikutaka maelezo. Angeweza kusema gari la saruji limeharibikia njiani, watu wangeshusha ngazi na kwenda zao, na vyombo vingerudishwa ndani. Asingekuwa ametoboa siri ya mtu yeyote.

Lakini alijua Jeanne atamtazama usoni na kuuliza kuna nini, na Esteri hakuwa na uso wa kumdanganya Jeanne. Akajiambia barua imesema kusitisha, haikusema kufuta. Akajiambia kabla ya Jumatatu Mwalimu atazungumza na wafadhili, nao wataelewa. Alijiambia mambo mengi kwa muda mfupi sana.

“Anzeni,” alisema.

Kufika saa sita palikuwa pamebaki rundo la udongo na fito. Jeanne alilia kidogo, akajifuta kwa kanga, akawapikia vibarua ugali wa muhogo na maharage. Esteri naye alikula. Anasema chakula kile kilikuwa kitamu, na kwamba hilo ndilo linalomuumiza kulisema.

Jumatatu Mwalimu Stanislaus aliwaita walengwa wote ofisini Kasulu, akawaeleza. Hakuficha kwamba hali ni mbaya. Nyumba tano zilikuwa zimekwisha, kule Rungwe Mpya, na watu walikuwa ndani yake. Nyumba tisa zilikuwa zimesimama kuta, zimefika kwenye lenta juu ya madirisha, hazina paa. Na kulikuwa na Jeanne, ambaye hakuwa na ukuta wala paa.

Kitu kimoja Mwalimu hakukisema: barua ilifika siku gani. Hakuna aliyemuuliza.

Watu walitoka. Mama mmoja alikuwa akiuliza kila anayepishana naye kama kuta zisizo na paa zinaweza kuvumilia masika, na kila mtu alimjibu kwamba hajui.

Jeanne hakutoka na wenzake. Alimfuata Esteri kwenye kona ya veranda, akamshika bega. Esteri alidhani anakuja kumlaumu, akajiandaa, tena akafurahi, kwa sababu lawama ingempa mahali pa kuanzia kukiri.

“Pole, mwanangu,” Jeanne akasema. “Na wewe wamekudanganya kama sisi.”

Esteri akaitikia. Akasema ahsante, mama.

Hapo ndipo alipokosea mara ya pili, na anasema hii ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu hapakuwa na ngazi wala fundi wala watu wa kumharakisha.

Jeanne na mjukuu walihamia kwenye jiko la nje. Lilikuwa kibanda cha kuinamia, na Fidele aliwafungia turubai juu yake bila kudai chochote. Mvua zilikuwa zimepumzika wiki mbili. Zikarudi. Maji yalipita chini ya turubai na juu yake, na moshi wa kuni ukakosa pa kutokea.

Uwimana alikuwa na pumu tangu mdogo. Wiki ya pili kifua kilimbana mpaka kucha zikageuka rangi. Walimpeleka kituo cha afya kwa baiskeli, akapona akarudi, na waliporudi turubai lilikuwa limepasuka. Mchungaji akawapa chumba cha kwaya nyuma ya kanisa, walale humo, ila Jumamosi na Jumapili watoe vitu vyao ili wanakwaya wapate nafasi.

Esteri hakukaa bure. Alimwomba Mwalimu mabati ishirini kutoka stoo ya shirika, yalikuwemo, yamepangwa ukutani. Mwalimu akamwonyesha barua: hakuna mali ya mradi kutoka mpaka wakaguzi wa mfadhili wapite, na hakuna aliyesema watapita lini. Kwa hiyo mabati yalikuwa chini ya paa, na watu wakawa chini ya mvua.

Akapanda gari kwenda Kibondo. Kule kulikuwa na shirika jingine ambalo miaka iliyopita lilisaidia watu waliofukuzwa kwenye nyumba, lilikarabati mapaa, lilichimbia vijiji visima, liliwapeleka wajane kwa wanasheria. Alimfahamu afisa wao mmoja, Deborah, walikutana kwenye semina. Alimkuta uani, amekaa kwenye kiti cha ofisi, na meza tatu zinapakiwa kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo.

Esteri akaeleza shida yake yote. Deborah akamwacha amalize.

“Unaniomba mabati,” akasema, “na mimi nimetoka kukabidhi funguo sasa hivi.”

Walikaa pamoja kitambo. Deborah alimweleza kwamba kwao waliachishwa kazi wote isipokuwa mlinzi, na mlinzi amebaki kwa kuwa hakuna wa kumlipa stahili zake ili aondoke. Kisha wakaagana. Esteri akarudi Kasulu mikono mitupu.

Mwezi mmoja ulikuwa umepita aliposikia habari za Nduwayezu.

Nduwayezu alikuwa mdogo wa marehemu Nkunzimana, shemeji yake Jeanne. Hakuwa mtu wa ugomvi. Mradi ulipoanza, yeye ndiye aliyetia sahihi kwa niaba ya ukoo kwamba kiwanja ni cha kujengewa Jeanne. Sasa alikuja asubuhi na jembe na mzigo wa vipando vya muhogo, akaanza kulima palepale Fidele alipokuwa amepigilia vigingi vya msingi.

Jeanne alikwenda kumuuliza. Alijibiwa kwa heshima, na majibu yalikuwa mepesi kuelewa. Ardhi ni ya ukoo. Kaka alipewa sehemu ile aweke nyumba, na mke wake alikuwa na haki ya kukaa maadamu nyumba ipo. Nyumba imeondolewa, na aliyeiondoa ni Jeanne mwenyewe. Mtoto wa kiume hayupo. Sahihi aliyoitia ilikuwa ya nyumba ya shirika, na nyumba ya shirika haipo.

“Shemeji, ulikuja hapa kwa ajili ya kaka,” Nduwayezu alisema. “Kaka hayupo na nyumba yake haipo. Mimi nina watoto sita.”

Jeanne akapeleka shauri kwenye baraza la ardhi la kijiji. Wakapangiwa siku ya Jumatano, wiki mbili mbele.

Esteri alipopata habari alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa baraza, mzee Cyriaque, akamkuta anapukuchua mahindi. Akamuuliza kama Jeanne ana nafasi. Mzee hakutaka kulizungumza shauri kabla ya siku yake, lakini alimheshimu Esteri kwa kazi yake, akamwambia analoliona yeye.

Alisema wajumbe wanamhurumia Jeanne, ila wengi wanaona aliondoa nyumba kwa hiari akitegemea bahati, na bahati ikageuka. Bahati mbaya haina wa kushtakiwa. Ingekuwa nyumba imebomolewa na watu waliokuwa wanajua kabisa kwamba hakuna itakayojengwa, hapo ingekuwa hila. Na mtu akitolewa nyumbani kwa hila, yeye Cyriaque angesimama kusema nyumba ihesabiwe kama ipo, na kiwanja kibaki chake.

“Lakini nani angefanya hivyo?” mzee akasema, akaendelea kupukuchua.

Esteri alitoka pale. Anasema alikuwa ametafuta msaada Kasulu nzima na Kibondo, na msaada wenyewe alikuwa nao yeye kinywani tangu mwanzo.

Akaenda kwa Mwalimu Stanislaus. Watu wa Kasulu wanamjua Mwalimu. Alifundisha shule ya msingi miaka ishirini na minane, na shirika alilianzisha kwa pensheni yake, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Hana gari. Esteri anataka hili liandikwe, kwamba Mwalimu si mwizi.

Akamwambia anataka kusema kweli mbele ya baraza. Mwalimu akavua miwani.

Akamweleza jambo ambalo Esteri hakuwa analijua. Kuna wafadhili wengine, kanisa moja la mbali, walikuwa wamekubali kuja kutazama. Wangefika Jumanne, siku sita baada ya baraza. Hawakuahidi mengi. Waliuliza kuhusu mapaa tu, mapaa ya zile nyumba tisa.

“Wakisikia tulibomoa nyumba ya mjane huku tunajua,” Mwalimu akasema, “hawatatupa hata msumari. Kuta za nyumba zile tisa ni za tofali zilizoshikwa kwa udongo tu, Esteri. Masika hii zitayeyuka. Watu tisa na watoto wao.”

“Na Jeanne?”

“Jeanne ni mmoja,” Mwalimu akasema.

Kisha akasema dhambi ni yake. Yeye ndiye aliyemwomba anyamaze, tena akasahau kwamba kesho yake ilikuwa zamu ya Jeanne. Angekumbuka angezuia. Amwachie yeye hilo, ataenda nalo kwa Mungu.

“Uliniambia ninyamaze,” Esteri akasema. “Hukuniambia niseme anzeni.”

Esteri alipoinuka Mwalimu hakumkataza wala hakumpa ruhusa. Alimuuliza tu kama amekula.

Jumatano ya baraza watu walijaa kwenye darasa la shule, kwa kuwa ofisi ya kijiji ilikuwa ndogo. Wajumbe saba walikaa mbele. Nduwayezu alikaa upande mmoja na mke wake. Jeanne alikaa upande wa pili na Uwimana, amevaa gauni lake la kanisani. Mwalimu Stanislaus alikuwa ameitwa kama shahidi wa shirika, akakaa dawati la nyuma, magoti yamebanwa.

Nduwayezu alieleza upande wake bila kumtukana mtu. Jeanne alieleza wake. Fidele aliitwa, akasema aliagizwa kubomoa akabomoa. Mwenyekiti akauliza aliagizwa na nani, akasema na dada Esteri, kama ilivyo kazi yake.

Esteri akasimama kabla hajaitwa.

Alisema barua ya kusitisha ruzuku ilifika Jumatano. Nyumba ilibomolewa Alhamisi. Alisema yeye aliisikia barua ile kwa masikio yake, na siku iliyofuata alifika Nyakitonto akijua hakuna saruji wala mabati yatakayoletwa, hakuna fundi wa kulipwa, na fundi alipouliza kama waanze, alimjibu anzeni. Alisema mama Jeanne hakuondoa nyumba yake. Iliondolewa na yeye, Esteri. Alisema kama kuna wa kuchukuliwa hatua, yeye yupo.

Mzee Cyriaque alikuwa amemkazia macho, na Esteri aliona jinsi mzee alivyokuwa anakumbuka siku ile ya mahindi.

Nduwayezu aliomba nafasi. Akasema taratibu kwamba dada huyu ni rafiki wa shemeji yake, alikunywa uji kwake miezi mitatu, na watu wote wanajua. Jana hakuwa na hili. Leo, kiwanja kinapotaka kuondoka, ndipo amelikumbuka. Baraza lijiulize kwa nini.

Wajumbe wakanong'onezana. Mwenyekiti akamgeukia Jeanne. Akamuuliza, yeye aliyemjua Esteri kuliko wote pale ndani, anaamini maneno yale?

Jeanne alisimama polepole. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Esteri alipata tumaini, dogo. Akaomba moyoni Jeanne amchukie. Akaomba amnyooshee kidole.

“Huyu ni mtoto wangu,” Jeanne akasema. “Namjua. Hawezi kukaa akala ugali wangu siku ile na anajua. Hakuna mtu anayeweza. Anajitwisha ili mimi nipate kiwanja.” Akatafuta maneno ya Kiswahili. “Namshukuru. Lakini sitaki kiwanja cha uongo. Mungu ananiona.”

Akakaa.

Esteri alirudia kwamba ni kweli, akarudia tena, na kila aliporudia watu walimwangalia kwa huruma zaidi. Mjumbe mmoja mwanamke alimwambia inatosha, mwanangu, tumeuona moyo wako.

Mwenyekiti hakutaka kuliachia hapo. Akanyanyua macho mpaka dawati la nyuma.

“Mwalimu Stanislaus. Barua ni yako. Ilifika siku gani?”

Mwalimu alisimama kwa kuegemeza mikono kwenye dawati. Nusu ya watu waliokuwa mle ndani alikuwa amewafundisha kusoma. Akaangalia ubao ulioandikwa hesabu za darasa la nne.

“Ijumaa,” Mwalimu akasema.

Katibu akaandika.

Uamuzi haukuchukua muda. Baraza lilimpa Nduwayezu kiwanja. Jeanne akapewa mpaka mwisho wa mwezi kuondoa jiko na vitu vyake, na Nduwayezu akaelekezwa asiliguse kaburi la kaka yake wala kumzuia mjane kulitembelea. Nduwayezu alikubali yote. Alikuja kumpa Jeanne mkono, na Jeanne akaupokea.

Mwalimu alitoka kwa mlango wa nyuma. Esteri alimwona kwa dirisha akivuka uwanja wa mpira peke yake, mwendo wa mzee, ingawa hakuwa mzee hivyo.

Nje wingu lilikuwa limeshuka. Watu waliharakisha kwenda kwao. Jeanne alikuwa amesimama ukutani mwa darasa na kifurushi chini, kwa kuwa chumba cha kwaya kilikuwa kimetakiwa kwa mazoezi ya Pasaka, na tangu asubuhi alikuwa anatembea na kila kitu chake kinachobebeka. Uwimana alikuwa pembeni yake, anahema kwa shida kidogo, siyo sana.

Esteri akaenda akasimama mbele yao.

“Wamekwenda wote,” Jeanne akasema kwa Kiha. “Sasa tuko wawili. Lile ulilolisema mle ndani.”

“Ni kweli, mama.”

“Jumatano.”

“Jumatano.”

“Na Alhamisi ukala kwangu.”

“Nilikula.”

Jeanne hakulia na hakupandisha sauti. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na Esteri anasema angependa ungebadilika. Mama yule aliinama akakifunga kifurushi upya, kwa fundo la pili, akakiweka kichwani. Halafu akamchukua Uwimana kwa mabega, akamsogeza hatua mbili, mpaka mtoto akagusana na gauni la Esteri.

“Basi huyu ni wako,” akasema. “Wewe una chumba. Mimi sina pa kumlaza.”

Esteri akamwambia waende wote Kasulu, chumba kinatosha, watabanana. Jeanne hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa amekwisha kugeuka. Chini ya mteremko, penye kituo cha bodaboda, alizungumza na dereva maneno machache, akapanda, kifurushi akakipakata mapajani.

Esteri alisema moyoni anakwenda kwa mchungaji, atatulia, atarudi kumchukua mtoto. Aliendelea kusema hivyo mpaka pikipiki ilipofika barabara kuu. Upande mmoja ni Kasulu. Upande wa pili ni Kibondo, na ukipita Kibondo ni mpaka wa Burundi, na Jeanne hakuwa na mtu hata mmoja Kibondo.

Pikipiki ikakata upande wa Kibondo.

Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati la darasa. Esteri alitaka kukimbia na hakuweza kumwacha mtoto. Uwimana hakuwa analia. Alikuwa anaangalia barabara kama mtu anayengoja kitu kidogo kilichochelewa, kisha akanyanyua uso.

“Kwako,” akauliza, “kuna mahali pa bibi pia?”